Maji ya Mwamahuba Yanatekwa Alhamisi

Katika watafsiri wote wa filamu kuanzia Kahama mpaka Katoro, ni Boaz peke yake ambaye hajawahi kumwekea mtu neno mdomoni. Hivyo ndivyo alivyojieleza kwa Dokta Ritha, Alhamisi moja saa tisa na nusu alasiri, wakiwa wamesimama mlangoni mwa ukumbi wa filamu wa chuo, Shinyanga mjini. Boaz alikuwa akikipuliza kipaza sauti. Fundi wa projekta alikuwa juu ya kiti, akibandika magazeti kwenye dirisha ambalo pazia lake lilikuwa limekwenda kufuliwa.

"Mimi, dokta, ni bomba tu," Boaz alisema. "Yanaingia huku, yanatokea huku. Siongezi, sipunguzi."

Dokta Ritha alifurahi kusikia hivyo, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga kibanda cha video cha Katoro. Waliowahi kukanyaga wanajua kwamba humo majambazi wa nchi za mbali husalimiana "mwadila", huulizana bei ya mpunga, na kabla ya kupigana humsifia mwenye kibanda. Komando mmoja, akiwa ameshaning'inia kwenye helikopta, aliwahi kutangaza kwamba pikipiki iliyoegeshwa mlangoni iondolewe haraka. Boaz haiiti hiyo kuongeza. Anaiita kusaidia. Filamu ikinyamaza watu hutoka kwenda kununua mihogo, na mtu aliyetoka kwenda kununua mihogo harudi.

Kipindi cha chuo kiliitwa Filamu na Mjadala. Kila Alhamisi saa kumi walionyesha filamu, au kipindi cha televisheni kilichowahi kuzua maneno, kisha wageni walikalishwa kwenye viti vyekundu mbele ya pazia jeupe la kuonyeshea filamu wakaulizwa maswali. Siku hiyo ilikuwa filamu ya kijiji cha Mwamahuba. Valerian, kijana wa televisheni kutoka Dar es Salaam, aliipiga wakati Mwamahuba bado ipo. Sasa hivi Mwamahuba haipo. Mahali pake pana kilima cha magwangala, yale mawe ambayo mgodi umeshayatoa dhahabu na hauna kazi nayo, na watu wake walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Makazi Mapya, kwenye bati linalong'aa, milango yenye namba, na vumbi. Maji hayakuwapo. Mgodi ulisema maji yatawafuata. Neno hilo lilisemwa hadharani, kwa kipaza sauti, na watu walipiga makofi, halafu maji yakawa bado yako njiani.

Boaz aliitwa kwa sababu watu wa kwenye filamu walisema Kisukuma, na wanafunzi wa chuo walitoka Tanga, Mtwara, Bukoba na hata Pemba. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, yalitengenezwa kwa ajili ya wafadhili. Tena Boaz mwenyewe alizaliwa Mwamahuba. Kitovu chake kiko chini ya yale mawe.

Wanawake wa Makazi Mapya walikuja na Fuso, wamejaa nyuma, kila mmoja na dumu lake la manjano. Mlinzi wa getini aliwaambia waache madumu nje.

"Kaka'angu," Philomena alimwambia, "mwanamke wa Makazi Mapya ukimwambia aache dumu ni kama umemwambia avue gauni. Unataka tuvue?"

Mlinzi akatazama mti. Wakapita.

Asteria, mama yake Boaz, aliketi mstari wa mbele, dumu mapajani kama mkoba wa harusini.

"Usinitie aibu," alimwambia mwanawe.

"Mama, leo ni chuo kikuu."

"Ndiyo maana nasema."

Kwenye viti vyekundu walikaa Valerian na Bwana Charles, afisa uhusiano wa mgodi. Bwana Charles alikuwa amevaa lile koti lao la kung'aa, la kuzuia mtu asigongwe na lori, ingawa ukumbini hapakuwa na lori. Taa zikazimwa.

Kwa muda mrefu Boaz alitafsiri kama alivyoahidi. Ng'ombe walipita, akawaacha wapite. Wazee walieleza habari za pamba, naye akaeleza pamba. Vijana walicheza ngoma na nyoka, naye akawaambia watu wa Pemba kwamba nyoka ni wa kweli. Wanawake wa Makazi Mapya waliitana kwa sauti: "Lile si paa la kwetu?" "Yule mbuzi mweupe yule, mwizi yule, alikula khanga yangu!" Hakuna aliyewanyamazisha. Dokta Ritha alisema baadaye kwamba hajawahi kuona watazamaji wenye majivuno kiasi kile, utadhani kila mmoja ndiye aliyelipanda jua la kwenye filamu.

Kisha ikaja chemchemi.

Chemchemi ya Mwamahuba ilikuwa na mlinzi wake, mayu Zipora, yaani mama Zipora. Pale mtu hafiki na viatu, wala hachovyi sufuria yenye masizi. Filamu ilimwonyesha akipanda juu ya jiwe, kata ya kuchotea maji mkononi, akiikazia kamera macho, akifungua mdomo. Ukasikika upepo. Siku ile Valerian alisahau kukivalisha kipaza sauti chake manyoya, na kila alichosema yule mama kililiwa na upepo. Maandishi ya chini nayo yalisema tu kwamba upepo unavuma.

Mdomo wa mayu Zipora ulicheza, ukacheza. Kule nyuma mwanafunzi mmoja akaanza kuvaa begi lake mgongoni. Boaz aliliona lile begi, na nyuma ya lile begi aliiona mihogo.

"Karibuni, wageni," akasema, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima. "Maji yapo, ni matamu, hayajawahi kukauka. Kila mwenye chombo aje ateke."

Kwenye filamu mayu Zipora akafunga mdomo. Aligeuka kuitazama spika ya kulia, ambako sauti ilitokea, kisha akawatazama watu waliokaa ukumbini, mstari kwa mstari. Usukumani mgeni akishaambiwa karibu mbele za watu, mwenye mji hawezi kusema alikuwa anatania. Hata kama neno limesemwa na mtoto mpumbavu aliyetumwa kufungua mlango tu, karibu ni karibu. Kama unga huna, utaazima. Mayu Zipora alikuwa mwanamke wa heshima zake. Alishuka kwenye jiwe, akakaa pembeni, akaelekeza mkono kwenye maji.

Philomena alikuwa wa kwanza. Alivua ndala zake chini ya jukwaa, akapanda, akalitumbukiza dumu kwenye pazia. Liligugumia kama dumu lolote linavyogugumia, likajaa.

"Mama, inama kidogo, unatuzibia," fundi alisema kutoka nyuma.

"Nikiinama zaidi ya hapa natumbukia, baba."

Foleni ikajipanga yenyewe. Asteria alipofika hakuteka kwanza. Alikinga kiganja, akaonja, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," alisema, kisha akawageukia wanafunzi kana kwamba wao ndio waliokuwa wanabisha. "Mnaona? Siku zote tulisema, mkadhani tunajisifu."

Wanafunzi nao walitaka. Wakapokezana vikombe. Naznin, binti wa wenye duka la vitambaa Kahama, alikunywa kikombe kizima, akasema sasa ameelewa kwa nini babu yake alikuwa anaifuata pamba Mwamahuba wakati pamba ilijaa kila mahali. Neno hilo liliwafurahisha wanawake wa Makazi Mapya kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, wakamjazia tena.

Dokta Ritha alimwambia fundi asimamishe filamu hapohapo ili mjadala uanze. Picha ilisimama. Maji hayakusimama. Mfagiaji akaleta tambara, akalitandaza chini ya pazia.

Swali la kwanza lilihusu kwa nini kamera iliwekwa chini badala ya juu, na Valerian alilijibu kwa kirefu. La pili lilitoka kwa Asteria, ambaye alikataa kipaza sauti kwa kuwa sauti yake ilitosha.

"Baba Charles, mimi nauliza, maji yetu yanakuja lini Makazi Mapya?"

Bwana Charles alikuwa na kikombe mkononi. Alikimaliza kwanza.

"Mama, nashukuru kwa swali zuri. Kwanza, maji ni mazuri sana, nakiri. Pili, mgodi uliahidi kwamba maji yatawafuata wananchi." Akageuka kulitazama pazia. "Kama mnavyoona, yamewafuata."

Wanafunzi kadhaa walipiga makofi, maana walishazoea kupiga makofi mgeni akinyamaza.

"Yametufuata mpaka hapa," Philomena alisema. "Sisi tunakaa kule. Tukitoka hapa na Fuso tunafika usiku."

"Hiyo sasa," alisema Bwana Charles, "ni changamoto ya usambazaji."

Tangu siku hiyo Filamu na Mjadala ikawa na filamu moja. Chuo kilijivuna, na kilikuwa na haki. Chai ya kantini ikawa tamu hata bila sukari. Watu wa maabara walichukua maji kuyapima, wakakuta ni maji. Vyuo vingine viliomba kuazima filamu, wakapewa, wakaionyesha, wakapata filamu tu, kwa sababu walikuwa wameazima filamu bila Boaz. Mara moja Dokta Ritha alijaribu kipindi cha mapishi cha televisheni. Boaz akakaribisha watu mezani kwa ufundi wake wote, wanafunzi wakaja na sahani, wakasimama pale mpaka kipindi kikaisha. Yule mpishi aliendelea kukaanga vyake. Hakuwa mtu wa kuona haya.

Basi Boaz akawa Boaz. Jina lake liliandikwa kwenye mabango, juu ya jina la filamu. Akishuka stendi, waendesha bodaboda waligombea kumbeba. Wanawake wa Makazi Mapya, ambao zamani walimwita yule mropokaji wa Asteria, sasa walimwita baba mwenye maji, na Asteria alitembea katikati ya milango yenye namba kama mke wa mtemi. Mwamahuba ilikuwa imerudi kusemwa. Watu waliacha kusema "tulikuwa wa Mwamahuba". Walisema "sisi wa Mwamahuba", na walisema kwa sauti.

Umeme ukikatika, chemchemi ilikatika. Chuo kikifunga, wanawake walirudia lile bwawa la tope ambalo wanalinywa pamoja na ng'ombe. Na mgodi nao uliweka kibao Makazi Mapya, cha bati, kimepakwa rangi vizuri: HUDUMA YA MAJI, KILA ALHAMISI SAA KUMI, CHUONI. Wiki hiyohiyo ule mtambo wa kuchimba kisima, ambao ulikuwa umeegeshwa pembeni mwa shule tangu masika ukisubiri kibali, uliwashwa injini ukaondoka. Asteria aliuona ukipita akampigia mwanawe simu.

"Boaz, wamechukua mtambo."

"Mtambo wa nini tena, mama? Si mna mimi?"

Asteria akasema salio linaisha, ingawa halikuwa linaisha.

Habari zilifika Nkome, ziwani. Huko, kwa binti yake anayeanika dagaa, ndiko mayu Zipora alikokuwa. Siku ya malori yeye hakupanda. Aliifunga nyumba yake kwa kufuli, akawaambia watu wa mgodi kwamba hajahama, anakwenda kusalimia. Salamu hizo zilikuwa ndefu; mjukuu aliyezaliwa baada ya bibi kufika Nkome alikuwa ameshaanza shule, na bibi bado alilala kwenye kitanda cha wageni na kunywea kikombe cha wageni. Nyumba yake ilibaki imesimama chini ya kilima cha magwangala, peke yake, malori yakiizunguka. Mgodi haukuweza kuimwagia mawe, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajahama.

Alhamisi iliyofuata mayu Zipora alifika chuoni na begi, mkeka, na mfuko wa dagaa. Mlinzi hakumuuliza kitu. Wanawake wa Makazi Mapya walipiga magoti mmoja mmoja. "Shikamoo, mayu." "Marahaba." Wakamkalisha mstari wa mbele, karibu na Asteria. Bwana Charles, ambaye siku hizi hakukosa Alhamisi hata moja, alimpungia mkono kutoka kwenye kiti chekundu. Mayu Zipora hakumpungia. Mkeka wake aliuegemeza kwenye goti.

Filamu ikaanza. Ng'ombe, pamba, ngoma, nyoka. Boaz alikuwa kwenye ubora wake. Kumwona mwenye chemchemi amekuja kumsikiliza kulimpandisha kifua. Mayu Zipora wa kwenye filamu akapanda jiwe, akafungua mdomo, upepo ukavuma.

"Karibuni, wageni!" Boaz akasema. Siku hizi aliirefusha. "Karibuni wa karibu na wa mbali, wa chuo na wa mgodi. Maji ya Mwamahuba hayana mwenyewe. Kila mwenye chombo aje ateke, asiye na chombo akinge mikono!"

Mayu Zipora wa kwenye filamu alishuka kwenye jiwe, akakaa pembeni, akaelekeza mkono. Wanawake wakavua ndala. Asteria alikuwa wa kwanza siku hiyo, dumu lake likaanza kujaa.

Mayu Zipora wa mstari wa mbele akasimama.

"Simamisheni hiyo."

Fundi akasimamisha. Maji yaliendelea.

"Boaz wa Asteria."

"Naam, mayu."

"Huyo pale ni nani?"

"Ni wewe, mayu."

"Na anayesema ni nani?"

Boaz aliangalia kipaza sauti. "Hiyo ni tafsiri, mayu."

Watu walicheka, hasa wale wa nyuma.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Siku ile upepo ulikuwa mwingi."

"Ulikuwa mwingi kwenye mashine zenu. Mimi nilikuwapo. Nilijisikia vizuri tu."

Akageukia ukumbi, akasema alichokisema siku ile, kwa Kisukuma, polepole, mkono ukiwa palepale ulipokuwa kwenye filamu. Nyuma ya kamera, alisema, walikuwa wamesimama watu wa mgodi, na viatu vyao miguuni, na huyu baba wa koti la kung'aa alikuwamo, alikuwa ametoka kunywa kwenye kata ya mayu mwenyewe. Aliwaambia hivi: Mwamahuba haihami na mimi sihami mpaka maji yahame kwanza. Yapakieni kwenye lori mkiweza. Siku nikisikia maji ya Mwamahuba yametoka hapa yamekwenda kukaa kwingine, nitakunja mkeka wangu niyafuate, hamtanisukuma.

"Wenzangu walichoka, wakapanda malori. Siwalaumu," aliendelea. "Mimi nilibaki na neno langu. Mawe waliyamwaga, lakini maji yalikuwa yako chini yake, hayajaenda popote, na mimi pia sijaenda popote. Miaka yote hiyo wameshindwa kuigusa nyumba yangu. Sasa nasikia Nkome, sokoni, kwa wauza dagaa, kwamba maji yamehama. Yanakaa Shinyanga." Akaunyanyua mkeka kidogo ili wauone. "Neno langu ni neno, hata kama sasa nyumba yangu itamwagiwa mawe. Nimekuja na mkeka wangu. Nilitaka tu nimwone kwa macho aliyeyahamisha."

Philomena alikuwa ameshika ndala zake mkononi na hakuzivaa wala hakuziweka chini. Juu ya jukwaa dumu la Asteria lilikuwa limejaa likawa linafurika, maji yakimchuruzika miguuni, naye hakuliondoa. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Wanafunzi wa Tanga na Pemba waliulizana bibi amesema nini. Bwana Charles aliinama kuelekea kwa Dokta Ritha.

"Samahani, dokta, Kisukuma changu ni kidogo. Nimesikia kama ametaja kuhama?"

Dokta Ritha aligeuka. Alimtazama Boaz, na watu wote wasiojua Kisukuma wakamtazama Boaz, kama walivyozoea.

Mayu Zipora aliketi, akaulaza mkeka juu ya magoti, akakunja mikono juu yake.

"Haya, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Wenzio wanasubiri. Watafsirie."